Nyota moja kwa asiyehusika: uchambuzi wa tathmini ya pawabenki

Rasimu ya tathmini yenyewe ilikuwa fupi. Naiweka hapa kama ilivyoandikwa, kwa ruhusa ya mwenyewe:

"Wezi wakubwa! Wameandika 20,000 lakini nimepima inatoa 12,400 tu, yaani karibu nusu wamekula. Tena kuijaza ni usiku mzima na asubuhi bado taa moja haijawaka. Mzigo wenyewe ulichelewa na boksi limebonyea. Msinunue kabisa. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu hakuna sifuri."

Aliyeandika ni mhasibu, mtu ambaye hesabu zisipooana halali. Alinunua pawabenki hiyo, yaani betri ya kubebeka ya kuchajia simu, kwenye duka la mtandaoni, akaitumia, akaona simu yake haijai mara nne kama alivyotarajia. Akaazima kile kipimio kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya pawabenki na waya, akapima mwenyewe. Kabla ya kuituma rasimu hiyo alinipa niisome, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri tathmini za vifaa na tunafahamiana siku nyingi. "Kaka, nikaze zaidi au hapo inatosha?"

Kwanza nimpe haki yake. Rasimu hii imeyashinda maoni mengi yanayojaa chini ya bidhaa, yale ya "nzuri sana, asante muuzaji" au "takataka". Yeye alipima. Ana namba, na namba yenyewe ni sahihi. Hata hasira yake ina msingi, kama tutakavyoona. Hata hivyo, tathmini ile ingetoka vile ilivyokuwa ingempotosha kila aliyeisoma. Ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinafaa kufunuliwa chote: mwandishi alifanya kazi ngumu ya kupima, akakosea kazi nyingine inayofuata, ya kujua kosa ni la nani.

Ukiisoma rasimu taratibu utaona malalamiko manne: uwezo haufiki, kujaa kunachukua muda, mzigo umechelewa, boksi limebonyea. Yote ameyabebesha kifaa kimoja. Nilimwomba ayatenganishe, na mbele ya kila moja aandike anayehusika: kifaa, lebo, chaja ya nyumbani kwake, au msafirishaji. Aliona ni usumbufu, lakini alikubali.

Zile 20,000 hupimwa wapi

Tuanze na shtaka zito. Ndani ya pawabenki mna seli za lithiamu ambazo kwa wastani zina volti 3.7 hivi. Zile mAh 20,000 (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayohifadhiwa) zinazoandikwa kwa maandishi makubwa mbele ya boksi ni uwezo wa seli hizo, kwa volti hizo. Tundu la USB la kawaida linatoa volti 5. Katikati yake kuna sakiti inayopandisha volti kutoka 3.7 hadi 5, na volti zikipanda, mAh hazina budi kushuka, maana hakuna nishati inayozaliwa njiani.

Kipimo cha nishati ni Wh, yaani wati-saa. Zidisha 20,000 kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata Wh 74. Hizo 74 ukizigawa kwa volti 5 unapata mAh 14,800. Hiyo ndiyo dari. Hata kama sakiti isingepoteza chochote, hakuna pawabenki ya mAh 20,000 ambayo ingeweza kutoa zaidi ya hapo kwenye tundu la volti 5. Na sakiti inapoteza. Sehemu ya nishati hugeuka joto, na ndiyo maana kifaa huwa vuguvugu kikiwa kazini.

Sasa turudi kwenye kipimo cha mhasibu wetu. mAh 12,400 kwa volti 5 ni Wh 62. Gawanya 62 kwa 74, unapata asilimia 84 hivi. Kwa kifaa cha aina hii hicho ni kiwango cha kawaida, na kuna vingi vinavyofanya vibaya kuliko hapo.

Nikamwomba aigeuze pawabenki asome maandishi ya chini. Alinitumia picha iliyovutwa karibu sana: herufi za kijivu juu ya plastiki nyeusi, ndogo kiasi cha kumtoa mtu machozi. Kati ya alama za usalama na jina la kiwanda palikuwa na mstari unaosema uwezo wa kutoa ni mAh 12,000 kwa volti 5 na ampea 2. Maana yake kiwanda kiliahidi 12,000 na yeye akapata 12,400.

"Kwa hiyo wako sahihi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kesi yake mlangoni pa mahakama.

Wako sahihi kwa namba, si kwa namna walivyoitangaza. Karibu watengenezaji wote huandika uwezo wa seli mbele ya boksi, na hiyo ni desturi iliyozoeleka. Lakini mnunuzi hanunui seli. Ananunua kujua simu yake itajazwa mara ngapi akiwa mbali na soketi. Aliurudia ukurasa wa bidhaa kutoka juu hadi chini, picha kwa picha, na ile 12,000 haikuwepo popote. Hapo kuna lalamiko la haki, ila ni lalamiko dhidi ya tangazo. Ukiandika "wezi", msomaji ataogopa chapa hii, atakwenda kununua ya chapa nyingine iliyoandikwa 20,000 vilevile, na atapata 12,000 na kitu vilevile. Atakuwa amesoma tathmini yako yote bila kuambulia chochote.

Neno hilo "wezi" lina tatizo lingine pia. Kusema "sikuridhika" ni maoni, na hakuna wa kukuuliza. Kusema "wameiba nusu" ni kudai jambo lililotokea, na jambo hilo halikutokea. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2016, Consumer Review Fairness Act, inayokataza kampuni kuweka kwenye mikataba yao vifungu vya kumziba mteja mdomo asitoe maoni ya kweli. Kinga yake ni kwa maoni ya kweli. Anayesema uongo haimkingi. Mtu anayetaka kuandika kwa ukali, na ukali una nafasi yake, auweke juu ya jambo analoweza kulionyesha.

Usiku mzima, na kichwa cha chaja

Shtaka la pili lilikuwa rahisi zaidi kulifumbua. Nilimuuliza anaijaza kwa chaja gani. Jibu: kile kichwa cha chaja kilichokuja na simu yake ya zamani, kilichoandikwa volti 5, ampea 1. Hiyo ni wati 5. Kusukuma Wh 74 kwa wati 5, ukiongeza na kinachopotea, ni zaidi ya saa 15. Usiku wa kawaida hautoshi.

Pawabenki yenyewe inapokea hadi wati 18, na hilo limeandikwa karibu na tundu la kuingizia. Alipoazima kichwa cha kisasa kinachotoa wati hizo, ilijaa kabla ya saa sita kuisha. Kifaa hakina kosa.

Ila hapa kuna jambo ninalolipenda katika kisa hiki. Lalamiko lililokosea mlengwa ndilo lililozaa sentensi yenye manufaa kuliko zote katika tathmini ya mwisho. Boksi halina kichwa cha chaja, lina waya mfupi tu, na ukurasa wa bidhaa hausemi wazi kwamba unahitaji kichwa cha wati 18 ili upate zile saa tano au sita zinazotangazwa. Watu wenye vichwa vya zamani ni wengi. Kila mmoja wao atakutana na usiku uleule. Kwa hiyo lile lililomuudhi lisifutwe. Liandikwe upya kama taarifa: ukitumia chaja ya namna hii itachukua muda huu, ukitumia ya namna ile itachukua muda ule.

Mzigo na boksi

Hapa sina mengi. Kuchelewa ni kwa msafirishaji au muuzaji, na maduka makubwa kama Amazon yana sehemu tofauti ya kumpimia muuzaji, mbali na tathmini ya bidhaa. Boksi kubonyea ni jambo la kuandika ikiwa kilichomo kimeumia. Hakikuumia. Yote mawili yakatoka.

Kusoma wengine kabla ya kuandika

Baada ya kuyapanga malalamiko, tathmini ilibaki haina uzito. Mashtaka mawili yameanguka, mawili yamehamishwa. Mhasibu alitaka kuiacha: "Basi ni nzuri tu, niweke nne nilale." Nilimwomba kwanza arudi kwenye ukurasa asome wenzake, lakini asianzie juu.

Wastani wa nyota wa bidhaa ile ulikuwa 4.6. Unapendeza, lakini unaeleza kidogo mno. Mwaka 2009 watafiti Nan Hu, Paul Pavlou na Jie Zhang walionyesha, kwa kuchunguza tathmini za Amazon, kwamba nyota hazijipangi kama mlima wenye kilele katikati. Zinajipanga kama herufi J: kundi dogo kwenye nyota moja, bonde katikati, kisha msitu wa nyota tano. Walieleza sababu mbili. Wanaonunua kitu tayari walikuwa wanakipenda kuliko wasionunua, na katika walionunua, wanaojisumbua kuandika ni wale waliofurahi sana au walioudhika sana. Aliyeona ni sawasawa tu hunyamaza. Kwa hiyo yule mmoja aliyevunja ukimya akaandika nyota tatu, au mbili, mara nyingi ana jambo mahususi alilotaka kulisema. Huko ndiko kwa kuanzia.

Huko kwenye nyota mbili na tatu mhasibu alikuta mambo mawili yanajirudia. La kwanza, watu kadhaa walisema kasi ya kuchaji inaanguka pale vifaa viwili vinapochomekwa pamoja. La pili, wengine walisema inajizima yenyewe wakichaji spika za masikioni. Hilo la pili lina maelezo yanayojulikana: pawabenki nyingi hujizima mkondo ukiwa mdogo mno, kwa kudhani hakuna kilichochomekwa.

Kisha akakuta kitu kwenye nyota tano. Tathmini za zamani zaidi hazikuzungumzia pawabenki. Zilisifu waya: mrefu, mgumu, haukatiki shingoni. Alidhani ni watu waliochanganyikiwa, lakini zilikuwa nyingi mno na zote za kipindi kimoja. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ukurasa ule hapo mwanzo uliuza waya, ukakusanya nyota, kisha bidhaa ikabadilishwa au ikaunganishwa na nyingine huku nyota zikibaki.

Mtindo huo si mgeni. Februari 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kesi yake ya kwanza ya aina hiyo, dhidi ya The Bountiful Company, watengenezaji wa vitamini na virutubisho. Tume ilidai kampuni hiyo iliziunganisha bidhaa mpya na zile zilizokwisha kupendwa kwenye Amazon, kana kwamba ni aina tofauti za kitu kimoja, ili mpya zirithi tathmini na nyota za zile za zamani. Kampuni ilikubali kulipa dola 600,000.

Hatuwezi kusema muuzaji wa pawabenki hii alifanya vivyo hivyo kwa makusudi, na mhasibu hakusema hivyo. Alichofanya ni kuacha kuuamini ule wastani, na kuzipanga tathmini kwa tarehe badala ya umaarufu.

Kupima kinachopimika

Yale mambo mawili aliyoyakuta hayakuwa yake bado. Hapa waandishi wengi wa tathmini huteleza: wanasoma lalamiko la mwingine, linawaingia, wanaliandika kana kwamba limewapata. Msomaji anayehesabu sauti anaona watu kumi wamelalamika, kumbe ni mmoja na mwangwi wake tisa. Mhasibu hana spika za masikioni za kuchaji. Basi suala la kujizima likakaa nje, hata kama huenda ni kweli.

Matundu mawili alikuwa nayo, na simu mbili, yake na ya mumewe. Akachomeka kipimio. Simu moja peke yake kwenye tundu la USB-C: kipimio kilionyesha volti 9 na ampea zinazokaribia 2, yaani kama wati 17. Hiyo ndiyo kasi iliyotangazwa, au karibu yake. Akachomeka simu ya pili kwenye tundu la pembeni. Skrini ya kipimio ikazima kidogo, ikawaka tena, na sasa ilisoma volti 5. Simu ya kwanza iliyokuwa imeandika "inachaji kwa kasi" ikaandika "inachaji" tu. Akachomoa ya pili: baada ya sekunde chache volti zikarudi 9. Akabadilisha waya, akabadilisha simu, matokeo yakawa yaleyale.

Pawabenki nyingi za daraja hili hufanya hivyo, kwa kuwa matundu yanagawana sakiti moja ya kupandisha volti, na sakiti haiwezi kutoa volti 9 upande mmoja na 5 upande wa pili. Kuna sababu ya kiufundi. Lakini picha ya tatu kwenye ukurasa wa bidhaa ilikuwa na simu mbili, umeme umechorwa juu ya kila moja, na maneno "chaji vifaa viwili kwa kasi kwa wakati mmoja".

Hilo sasa lilikuwa shtaka lenye mshtakiwa wake. Ahadi imeandikwa, kipimo kimefanyika, jibu ni hapana. Na lilikuwa limekaa hapo wakati wote ambapo mhasibu alikuwa anapigana na zile 20,000.

Kadi ndani ya boksi

Kabla ya kuandika alikumbuka kitu kingine. Chini ya waya, ndani ya boksi, kulikuwa na kikadi chenye rangi: weka nyota tano, piga picha ya skrini, tutumie, upokee zawadi. Aliniuliza kama akiipokea na bado akaandika ukweli kuna ubaya.

Sharti la kadi ni nyota tano, si ukweli. Amazon ilipiga marufuku tathmini zinazolipiwa kwa zawadi au punguzo Oktoba 2016, ikabakiza mpango wake wenyewe wa Vine, unaowapa wateja teule bidhaa bure wazitathmini. Kwa upande wa sheria, kanuni ya FTC dhidi ya tathmini za uongo ilianza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024, na miongoni mwa inayoyakataza ni kumlipa mtu ili atoe maoni ya upande fulani, yawe ya sifa au ya kuponda. Uingereza nayo imepiga marufuku tathmini za uongo tangu Aprili 2025, na mamlaka yake ya ushindani inaweza kutoza faini ya hadi asilimia 10 ya mauzo ya kampuni duniani kote.

Mtu anayepewa bidhaa bure aitathmini, bila sharti la nyota, ana suala tofauti: aseme hivyo kwenye mstari wa kwanza, wala si chini kabisa ambako hakuna anayefika. Kadi hii haikuwa ya namna hiyo. Mhasibu aliipiga picha, akairipoti kwa duka kupitia kitufe cha kuripoti, na hakuiingiza kwenye tathmini. Mimi ningeitaja kwa sentensi moja, kwa sababu inamsaidia msomaji kuelewa zile nyota tano zimetoka wapi. Yeye aliona tathmini ni ya kifaa na kadi ni ya muuzaji, na baada ya kumsumbua nusu siku kuhusu kutenganisha wahusika, sikuwa na la kumjibu.

Iliyotoka

Hii ndiyo aliyoituma:

"Inafaa kwa simu moja, si kwa mbili kwa kasi.

Nimeitumia zaidi ya mwezi kwa simu yenye betri ya mAh 5,000. Ikiwa imejaa inaijaza simu hiyo kutoka sifuri mara mbili, na ya tatu inaishia asilimia 70 na kitu. Usitarajie mara nne: 20,000 ni uwezo wa seli za ndani. Kwenye tundu la USB nimepima 12,400 (Wh 62), na maandishi madogo chini ya kifaa yanaahidi 12,000. Kwa hiyo inatimiza, ila ukurasa huu hausemi.

Simu moja ikiwa kwenye USB-C inachaji kwa kasi kweli, kama wati 17. Ukichomeka ya pili, zote zinashuka kwenye kasi ya kawaida. Nimejaribu kwa waya tofauti na simu mbili tofauti. Picha inayosema viwili kwa kasi kwa wakati mmoja si kweli kwa hii niliyonayo.

Kichwa cha chaja hakimo ndani ya boksi. Kwa kichwa cha wati 18 inajaa chini ya saa sita. Kwa kile cha zamani cha wati 5 usiku mmoja hautoshi.

Ni nzito, mfukoni inavuta suruali. Taa nne za kuonyesha chaji hazina usahihi: ya mwisho huzimika mapema.

Sijajaribu spika za masikioni wala kompyuta. Nimeinunua kwa pesa yangu."

Nyota tatu.

Tulibishana juu ya mambo mawili. Mimi nilitaka "Wh 62" itoke, kwa kuwa msomaji wa kawaida haijui na anaweza kuiona kama majivuno. Yeye akasema anayejua Wh ndiye anayehitaji kulinganisha pawabenki mbili, na asiyejua ataruka mabano. Ilibaki, na nadhani alikuwa na haki: namba ya mara mbili na asilimia 70 inategemea simu yake, ile ya Wh haitegemei simu ya mtu.

La pili ni nyota. Mimi ningeweka mbili, kwa ajili ya ile picha, maana ni ahadi ya wazi ambayo haitimii. Yeye alisema anayechaji simu moja amepata kifaa kizuri, na wengi wanachaji moja. Sikuona sababu ya kung'ang'ania. Nyota ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika tathmini, inabana maoni ya watu wenye mahitaji tofauti kwenye kipimo kimoja. Bahati mbaya ndiyo wauzaji wanayoitazama.

Angalia mstari wa kwanza wa tathmini yake. Hausemi nzuri wala mbaya, unamgawa msomaji. Anayesafiri na simu moja anajua asome kwa utulivu, mwenye simu mbili anajua aendelee kutafuta, na wote wamejua kabla ya kufika mstari wa pili. Rasimu ya kwanza ilitoa amri moja kwa wote: msinunue. Angalia pia kwamba mambo madogo ya uzito na taa hayakuwepo kabisa kwenye rasimu ya hasira. Mtu aliyekasirika haoni suruali inavyovutwa.

Baada ya kutuma

Maswali yalianza kuja chini yake. Mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kupanda nayo ndege. Swali hilo lina jibu la uhakika: kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni Wh 100 bila kuomba kibali, hii ina 74, na pawabenki hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, haiwekwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Mwingine aliuliza kama inachaji kompyuta mpakato. Alimjibu kwamba hajajaribu, na akaishia hapo. Watu wengine wawili tayari walikuwa wamejibu "inachaji vizuri" bila kusema kompyuta gani.

Kisha muuzaji akamwandikia faraghani: atarudishiwa pesa zote na kifaa abaki nacho, ikiwa ataondoa tathmini. Kwa heshima, alimjibu kwamba hataiondoa, ila picha ya tatu ikirekebishwa ataandika hivyo. Hakujibiwa. Baadaye aliporudi kwenye ukurasa, simu zile mbili bado zilikuwepo, lakini maneno yalikuwa "chaji vifaa viwili kwa pamoja", na neno kasi halikuwemo. Haijulikani kama ni kwa sababu yake au kwa sababu ya wale wengine wa nyota mbili na tatu. Akaongeza mstari chini ya tathmini, wenye tarehe: maneno ya picha ya tatu yamebadilishwa, kifaa ni kilekile, uwezo wa 12,000 bado haujaandikwa kwenye ukurasa. Nyota hakuzigusa.